Askofu aliyeshitakiwa kwa sababu ya umungu wa Mungu

Machi 1148 Papa Eugenio III aliwakusanya maaskofu kwa mtaguso katika mji wa Reims, kaskazini mwa Ufaransa. Shughuli kuu zilipokwisha, akaketi na makardinali wake kusikiliza kesi ya mwenzao aliyeshitakiwa kwa sababu ya kitabu. Mshitakiwa alikuwa Gilbert, askofu wa Poitiers tangu 1142, mwalimu ambaye kabla ya hapo alisomesha Chartres na Paris. Alikuwa ameandika ufafanuzi wa vitabu vidogo vya Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa kale, juu ya Utatu Mtakatifu, na washitaki wake walidai kwamba ndani yake amemtenga Mungu na umungu wake, kana kwamba Mungu ni huyu na kinachomfanya awe Mungu ni kingine.

Kosa liko wapi? Sisi viumbe ndivyo tulivyo. Hakimu ana haki leo, kesho akapokea rushwa akaipoteza haki hiyo, na bado akabaki mtu yule yule. Haki ni kitu alicho nacho, si yeye mwenyewe. Ukimsema Mungu hivyo hivyo, umekiri kwamba haki, hekima na wema vipo juu yake, naye anavipokea kutoka huko. Hapo anayestahili kuabudiwa si yeye tena, bali kile anachokitegemea. Mtakatifu Augustino alishaliona jambo hili karne ya 5 alipoandika juu ya Utatu: kwa Mungu, kuwapo na kuwa na hekima ni mamoja.

Mshitaki mkuu wa Reims alikuwa Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux, mtu ambaye Papa mwenyewe alikuwa mmonaki chini yake. John wa Salisbury, aliyeshuhudia, ameeleza jinsi Bernardo alivyokutana faragha na maaskofu wa Ufaransa na Uingereza, wakatunga ungamo la imani la kumpinga Gilbert. Makardinali walipopata habari walikasirika, maana waliona wanasukumwa kuhukumu kabla ya kusikiliza. Papa akatuliza mambo. Aliagiza kwamba mtu asitenganishe Mungu na umungu wake, na kwamba kitabu kirekebishwe. Gilbert alikubali, akarudi Poitiers na heshima yake yote, akabaki askofu hadi alipofariki mwaka 1154. Baadaye Bernardo aliomba wakutane wazungumze. Gilbert akajibu kwamba kama abati anataka kuyaelewa mambo hayo, kwanza ajiongezee elimu ya shule.

Jibu lilikuwa kali, lakini simwoni Gilbert kuwa mzushi. Alikuwa akihangaika na swali la kweli: Nafsi tatu zinawezaje kuwa Mungu mmoja bila kuchanganywa? Hata hivyo uamuzi wa Eugenio ulikuwa sahihi, na Kanisa halijauacha.

Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliutilia nguvu chini ya Papa Inosenti III. Abati Joachim wa Fiore alikuwa amemlaumu mwanateolojia Petro Lombardo kwamba, kwa jinsi anavyoisema asili ya Mungu, ameongeza wa nne juu ya Nafsi tatu. Mtaguso ulimtetea Lombardo, ukaongeza tahadhari ambayo kila mhubiri angepaswa kuikumbuka: hata ukiona mfanano gani kati ya Muumba na kiumbe, kutofanana kwao ni kukubwa zaidi.

Wakristo hawakuwa peke yao katika mjadala huu. Kwa karne kadhaa Waislamu walikuwa wakijadiliana juu ya dhati na sifa za Mwenyezi Mungu. Wamutazila, kundi moja la wanateolojia wao, walikataa kuzifanya sifa kuwa vitu vya milele kando ya dhati, wakiogopa kuivunja tauhidi, yaani umoja wa Mungu, na kundi la Waashari likawapinga. Musa bin Maimuni, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alishikilia kwamba juu ya dhati ya Mungu tuishie kusema asivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimsoma Musa na alimsoma mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina kwa tafsiri za Kilatini. Katika kitabu chake Summa Theologiae, alichokianza miaka ya 1260, anakubali kuanza na asivyo: Mungu si mwili, hana sehemu, habadiliki. Lakini mbele kidogo anamkatalia Musa. Tukisema Mungu ni mwema, hatusemi tu kwamba si mbaya. Wema umo ndani yake kweli, nao ni yeye mwenyewe, ingawa maneno yetu yanaufikia kwa upungufu.

Jambo hili linagusa sala zetu. Wengi husali kana kwamba ndani ya Mungu kuna ghadhabu inayoshindana na huruma, na kazi ya mwamini ni kuusaidia upande mmoja ushinde. Mungu hana pande. Haki yake ni yeye, na huruma yake ni yeye.

Tarehe 24 Aprili 1870, mababa 667 wa Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano walipitisha kwa kauli moja hati ya Dei Filius, iliyoorodhesha sifa za Mungu dhidi ya waliomchanganya na ulimwengu na waliodai hakuna kitu ila maada. Waliungama kwamba Mungu ni mmoja, wa milele, asiye na mipaka, asiyeweza kufahamika kikamilifu, asiye na sehemu wala badiliko. Septemba ya mwaka huo majeshi ya Italia yaliingia Roma, mtaguso ukaahirishwa na haukuendelea tena.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imelirudia fundisho hili katika namba 271, ikimtegemea Thoma: ndani ya Mungu uwezo, utashi, akili, hekima na haki ni kitu kimoja. Nawaomba makatekista wasiiruke namba hiyo. Mtoto anayefundishwa kwamba Mungu aweza yote aambiwe siku hiyo hiyo kwamba uwezo huo ndio haki yake, na ndiyo hekima yake.