Kutu, Gasketi na Beringi: Historia Fupi ya Magari ya Wazi ya Mtumba

Huku jua limeanza kutoka, na jua likitoka Uingereza, hata kwa nusu saa tu, magari yasiyo na paa nayo yanatoka mafichoni. Viti viwili, turubai limekunjwa nyuma, na dereva mzee kavaa miwani ya jua na koti la baridi kwa pamoja. Nilipofika mara ya kwanza yalikuwa yananichekesha. Leo nataka tuyazungumzie kwa undani kidogo, maana yameingia ndani ya familia.

Mdogo wangu wa mwisho yuko Coventry, kama mnavyojua. Amejikusanyia pauni 3,000 kwa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na anataka gari la aina hiyo. Mjomba kasikia huko Tanga, kapiga simu anawaka: hela ya kumalizia msingi wa nyumba inakwenda kununua gari lisilo na paa! Mama naye anataka nimkataze. Mimi nimewaambia mtoto ni mtu mzima na hela ni jasho lake, ila tusimwache anunue kwa macho. Ameniletea matangazo matatu: MGF ya 1998, Mazda MX-5 ya 1992 na Porsche Boxster ya 2001. Kwenye picha yote yanang'aa.

Sasa, kazini kwetu mgonjwa akija hatukimbilii kumchoma sindano. Kwanza tunachukua historia: alizaliwa na tatizo gani, aliwahi kulazwa lini, nini kimerithiwa katika ukoo. Gari kuukuu ni hivyo hivyo. Kila moja kati ya haya matatu lina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulianzia kiwandani, miaka mingi kabla mdogo wangu hajajua kushika usukani. Basi tuanze mwanzo.

MG ni kifupi cha Morris Garages, gereji ya Oxford ambako Cecil Kimber, miaka ya 1920, alianza kuyavalisha magari ya kawaida ya Morris bodi za kimichezo. Baadaye kazi ikahamia Abingdon, mji mdogo karibu na hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Uingereza walivipenda hivi vigari, na Marekani ikawa soko kubwa. Mwaka 1962 ikatoka MGB, na mpaka uzalishaji unakoma mwaka 1980 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 500,000, ukihesabu na zile zenye paa la bati.

Hapa ndipo tunapata somo la kwanza, na linahusu gari lolote la wazi. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko, jaribu kulipinda, litakataa. Toa kifuniko, linapinda kirahisi. Paa la gari ndiyo kile kifuniko. Ukiliondoa, mzigo wote unabebwa na sakafu pamoja na zile kingo nene za bodi zinazopita chini ya milango. MGB haikuwa na chesisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo ilikuwa mifupa. Kwa hiyo kutu kwenye kingo zile ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Na huku Uingereza wakati wa baridi barabara zinamwagwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi na chuma mnajua uhusiano wao, hasa nyie wa pwani.

Wauzaji wajanja huziba matundu kwa udongo wa mafundi, wanapiga msasa, wanapaka rangi. Dawa yake ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini isikwangue rangi. Ipitishe kwenye kingo: penye chuma itashika, penye udongo itaanguka. Kisha fungua mlango na uufunge polepole. Mlango ukikwama au ukishuka, huenda gari limeanza kulegea katikati.

Somo la pili la enzi hiyo ni umeme. Taa na vifaa vingi vya magari ya Kiingereza vilitoka kampuni ya Joseph Lucas, na vilikuwa vinazimika kiasi kwamba Wamarekani walimpachika bwana huyo jina la Mwana Mfalme wa Giza. Mara nyingi kisa kilikuwa nyaya za kurudishia umeme kwenye bodi kushika kutu. Hata leo ukinunua gari la wazi la umri wowote, washa kila kitu kimoja baada ya kingine: taa zote, vioo, waipa, feni, honi. Maji yanayoingia kupitia turubai hupenda sana kwenye nyaya.

Miaka ya 1970 mambo yakaharibika. Sheria za Marekani za usalama na moshi zikaifanya MGB ivishwe bampa kubwa za mpira na kuinuliwa juu, ikapoteza wepesi wake. Kampuni mama, British Leyland, ilikuwa imeelemewa na madeni na migomo, serikali ikaichukua mwaka 1975, na Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa. Waliobaki barabarani walikuwa wapenzi waliozoea kulala chini ya gari kila Jumamosi.

Wajapani walikuwa wanatazama. Mwandishi wa magari wa Kimarekani, Bob Hall, alikuwa amemshauri Kenichi Yamamoto wa Mazda watengeneze gari jepesi kama yale ya Waingereza, ila lisilosumbua. Mazda MX-5 ikaonyeshwa Chicago Februari 1989. Injini ya mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito chini ya tani moja. Injini yenyewe ilitoka ukoo mmoja na ile ya Mazda 323, ambayo Wajapani wanaiita Familia, na nyie hamhitaji kuelezwa Familia ni gari gani! Mwaka 2000 ikaingia katika kitabu cha Guinness kama gari la kimichezo la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, 531,890, na mwaka 2016 ikafika milioni moja.

Lakini kutosumbua hakuna maana ya kutougua. Zile za mwanzo, mpaka mwaka 1991, zina krenki yenye ncha fupi mbele, pale inapofungwa puli. Kabari inayoshika puli ikilegea, inakula chuma cha krenki taratibu mpaka injini inapoteza mpangilio. Dalili ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma, tazama puli ya chini mbele. Ikizunguka inayumba kama baiskeli yenye ringi mbovu, aga na uondoke. Ile ya mdogo wangu imesajiliwa mwaka 1992, lakini mwaka wa kusajiliwa unaweza kuwa tofauti na mwaka wa kuundwa, kwa hiyo aangalie.

Kelele ya tik-tik juu ya injini ikiwa baridi ni kawaida yake, mara nyingi oili mpya inatosha. Gia zikigoma kuingia, chunguza silinda ndogo ya klachi, huwa inavuja, na bei yake si ya kutisha. Dirisha la nyuma la plastiki hupasuka. Tatizo kubwa ni maji. Mvua inayoanguka kwenye turubai inashuka kwenye mifereji miwili nyuma ya viti, inatoka chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani yakiziba mifereji hiyo, maji yanaingia kwenye zile kingo tulizozisema na kuzila kutoka ndani kwenda nje. Ukiona rangi imevimba, ndani kumekwisha. Zile za toleo la pili, za 1998 hadi 2005, zina balaa la ziada: mihimili ya mbele ya chini huoza mahali ambapo tabaka mbili za bati zimelala pamoja, na gari linafelishwa ukaguzi.

Halafu kuna kitu kitakachowachekesha. MX-5 nyingi za huku ni mtumba kutoka Japani, kama magari yetu ya nyumbani. Usukani uko kulia kote kuwili, ndiyo maana. Huko zilikuwa zinauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Mita yake ilikuwa ya kilomita, ikabadilishwa kuwa ya maili, na katika kubadilisha huko ndipo historia ya gari inaweza kupotea. Karatasi za Japani zikiwepo, ziombe.

Mafanikio ya Mazda yaliwaamsha Waingereza. Mwaka 1995 Rover, iliyokuwa chini ya BMW, ikatoa MGF, injini ikiwa nyuma ya viti. Injini hiyo, iitwayo K-series, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 ikiwa ndogo, nyepesi na ya kisasa, ila baadaye ikapanuliwa hadi sisi 1,800 katika mwili ule ule mwembamba. Maji yake ya kupozea ni machache, na rejeta iko mbele kabisa wakati injini iko nyuma, kwa hiyo maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Maji yakipungua kidogo tu, injini inachemka na gasketi ya silinda hedi inakufa. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya maziwa, oili na maji huenda vimechanganyika. Tazama pia kama chombo cha maji kina mafuta juu yake, na kama mabomba ya chini yamekula kutu. Tatizo hili ndugu yake wa damu wa karibu anaitwa sifa mbaya. Liliharibu jina la kampuni wakati ilipokuwa inahitaji wateja kuliko kipindi chochote. BMW ikaiuza Rover mwaka 2000 kwa pauni 10, ndiyo, kumi, na Aprili 2005 MG Rover ikaanguka. Watu wapatao 6,000 walipoteza kazi, wengi pale Longbridge, Birmingham. Gasketi haikuiua kampuni peke yake, lakini ilishika jembe. MG mpya mnazoziona leo ni za kampuni ya China.

Wajerumani nao walikuwa na shida zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Porsche ilikuwa hoi kifedha, na Boxster ya 1996 ni moja ya magari yaliyoiinua. Ndani ya injini yake kuna shafti ya kati inayoshikwa na beringi iliyofungwa. Grisi yake ikioshwa na oili, beringi inasagika, na ikivunjika injini nzima inakufa. Mwaka 2009 ikaja injini isiyo na shafti hiyo. Kwa ile ya 2001 mnunuzi aombe risiti inayoonyesha beringi imebadilishwa, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa klachi inapofunguliwa, na filta ya oili ikatwe itazamwe kama ina chembe za chuma. Nayo ina mifereji ya maji inayoziba, na chini ya kiti kuna kifaa cha umeme kinachoweza kuogelea. Zaidi ya hayo, bei ya gari hushuka, bei ya vipuri vyake haishuki. Boxster ya pauni 3,000 inatengenezwa kwa bei za Porsche.

Kwa hiyo ushauri wangu nimeutoa: Boxster aiache. MGF aichukue tu kama gasketi imekwisha kubadilishwa na risiti ipo. MX-5 ndiyo ya kwenda kutazama, akiwa na sumaku na tochi, na asitumie zaidi ya pauni 2,000, elfu moja ibaki kwa matengenezo. Kabla hajapanda treni aingize namba ya gari kwenye mtandao wa serikali, ambako ukaguzi wa kila mwaka unaonekana bure, pamoja na maili na kila kasoro iliyoandikwa. Neno kutu likijirudia miaka mitatu mfululizo, asisafiri. Gari alikute baridi, maana muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika huenda ana jambo analoficha. Na asitoe hela siku hiyo hiyo.

Mjomba, wewe nakuambia hivi: hela ya msingi bado ipo, na kijana anayejifunza kupiga magoti na kuchungulia chini ya gari kabla ya kulipa, ndiye atakayechungulia msingi wa nyumba kabla ya kumlipa fundi.

Kwa wale walioanza kuniuliza kama naweza kuwatumia moja: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Tanzania huliongezea ushuru gari chakavu, kwa hiyo sahauni. Lakini kama gari lako lina sanrufu, nalo lina mifereji midogo kwenye pembe. Kabla ya masika mimina kikombe cha maji pale juu, uone kama yanatoka chini. Yasipotoka, ujue yanakwenda mahali.

Wasalaam.