Kidole cha Mwisho cha Kushoto

Mwaka 1979 nilijiunga na darasa la jioni la kupiga chapa, Kariakoo, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mashine kumi na mbili, wanafunzi ishirini. Waliokosa mashine walipigapiga vidole juu ya meza wakingoja zamu. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Tanga asiyecheka ovyo, alimfunga kila mtu kanga shingoni, kisha akazitandaza ncha zake juu ya taipureta, mikono ikazama chini yake. Herufi huzioni, vidole huvioni, kilichobaki machoni ni jina la kanga. Akagonga rula mezani: a, s, d, f. Nukta-mkato, l, k, j. Wiki mbili nzima hatukuandika neno hata moja lenye maana.

Nilidhani ule mtindo wa kanga aliubuni yeye. Kanga kweli zilikuwa zake, lakini fikra ya kupiga bila kutazama ilitoka Marekani. Taipureta ya kwanza kuuzwa madukani kwa wingi ilitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, aliyepata hataza mwaka 1868. Kiwanda cha Remington, kilichozoea kutengeneza bunduki na vyerehani, kiliitoa sokoni mwaka 1874. Ukiona picha zake utacheka: imenakshiwa maua, baadhi zimekaa juu ya meza ya cherehani, na mstari unarudishwa kwa kukanyaga pedali. Iliandika herufi kubwa tu. Waliozitumia siku zile walidonoa kwa vidole viwili, kama kuku.

Aliyewatoa watu huko ni Frank McGurrin, mwandishi wa hatimkato mahakamani huko Salt Lake City. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, alishindana na Louis Traub, mwalimu wa kupiga chapa aliyetumia mashine ya Caligraph, ambayo herufi kubwa zilikuwa na vitufe vyake na ndogo vyake. McGurrin alikuwa na Remington. Mpangilio wa herufi alikuwa ameuhifadhi kichwani, akatumia vidole vyote, macho yakabaki kwenye karatasi anayoinakili. Akashinda. Habari zikaenea magazetini, na shule za makarani zikaanza kufundisha hivyo.

Sasa nifike kwenye dukuduku langu. Walioupanga ule ubao wa herufi waliupanga kwa Kiingereza chao, nasi tukaupokea kama ulivyo. Katika Kiswahili hakuna herufi inayojitokeza kama a. Imo kwenye wa, ya, na, ka, ta, imo kila mahali. Nayo imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, ambacho nyumbani hakina kazi ya maana. Chukua neno “wataandaa”. Herufi tisa, a ziko tano, na mkono wa kulia unaitwa mara moja tu, kupiga n. Chukua jina la nchi yenyewe, Tanzania: a tatu na z moja, na z pia ni ya kidole kilekile. Nusu ya jina la nchi imebebwa na kidole kimoja. Ukidhani Zanzibar itakupumzisha, hesabu: z mbili, a mbili. Muungano umekamilika.

Mwaka 1936 profesa mmoja wa Marekani, August Dvorak, alipata hataza ya mpangilio mpya uliokusudiwa kupunguza uchovu. Karibu kila herufi aliihamisha. A aliiacha palepale.

Kwenye kompyuta za leo jambo hili ni dogo, maana kitufe ukikigusa tu kinaitika. Kwenye taipureta ya chuma, weusi wa herufi ulitegemea nguvu ya kidole. Mwaka 1967 serikali ilikuwa imeagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, kwa hiyo madokezo, barua na mihtasari vilimiminika kwa wapiga chapa kwa lugha yenye a nyingi. Tuliandika nakala nne kwa mpigo, karatasi za kaboni katikati. Ya juu ilitoka safi. Ya nne ikafika masijala na matobo. Kwenye ofisi yangu ya kwanza mkuu aliniita, akaweka mbele yangu nakala iliyosomeka “kime hirishwa”.

“Binti, nani kakila hiki?”

“Shikamoo mzee. Ni kidole, mzee.”

Hakuelewa, nami sikuwa na ujasiri wa kumweleza.

Stensili nayo ilikuwa na balaa lake la upande wa pili. Ukiikazia mno herufi o, kiduara kinakatika na kudondoka, na kwenye mashine ya durufu kila nakala inatoka na doa jeusi. Kwa hiyo a uipige kwa nguvu, o uipige kwa huruma. Mikono yangu ilijifunza tofauti hiyo kabla ya akili. Wenzangu wa masijala waliweza kujua barua imepigwa na nani bila kutazama herufi za jina chini yake: huyu a zake zimepauka, yule nukta zake zinatoboa karatasi.

Mtihani ulipimwa kwa maneno kwa dakika, lakini “neno” lilikuwa mapigo matano, nafasi ikihesabiwa. Maneno 50 ni mapigo 250. “Wataandaa” pamoja na nafasi yake ni mapigo kumi, kwa hiyo ni maneno mawili. Nilipojua hivyo nilipenda sana viambishi.

Taipureta zilidumu kwetu muda mrefu, hasa kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku yakaja kulegezwa, kompyuta zikaingia, na ofisini tukaambiwa tujifunze upya. Hakukuwa na la kujifunza mikononi. Herufi zilikuwa zilezile.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja na kompyuta yake, analalamika kwamba programu anayojifunzia kupiga chapa inamwambia kidole chake cha mwisho cha kushoto ndicho kizito kuliko vyote. Mazoezi yenyewe yote ya Kiingereza. Nikaifunga programu, nikaleta kanga, nikamfunga shingoni. Andika mara ishirini: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Alipofika mara ya nane akatoa mkono chini ya kanga, akaanza kuukung'uta hewani.

“Bibi, kinauma.”

“Kinyooshe. Kikunje. Bado kumi na mbili.”