Mgeni Asiyetaka Kutajwa Jina

Siku hizi, ndugu msikilizaji, mgeni akiingia kanisani huombwa asimame, ataje jina lake na atokako, kisha apigiwe makofi. Wako waonao haya hata wasirudi tena. Zamani kule Rabai, karibu na Mombasa, desturi hiyo ingemponza mtu.

Misheni ya Rabai, iliyoanzishwa na Krapf mwaka 1846, ilikuja kuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Shemasi William Jones, naye aliyepata kuwa mtumwa utotoni, aliwapokea, wakajenga na kulima hapo. Wakubwa wa misheni walikwisha kukataza kuwahifadhi watoro, maana kwa sheria ya Sultani mtumwa alikuwa mali ya mtu. Jones aliyajua hayo. Watu waliendelea kuja.

Mwaka 1888 wenye watumwa walikuja juu. Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Waingereza, akaona heri awalipe fidia kuliko vita. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikaanza kugawiwa pale Rabai. Watoro zaidi ya 1,400, wa hapo na wa misheni za jirani, walikombolewa. Sasa waliweza kutaja majina yao.