Safari ya Vitamini E Katika Damu

Leo turudi nyuma hadi mwaka wa 1922, katika Chuo Kikuu cha California, Marekani. Herbert Evans na Katharine Bishop walikuwa wakiwalisha panya chakula chenye mafuta ya nguruwe. Panya walinawiri, wakashika mimba, lakini mimba hizo zilififia tumboni. Walipoongezewa majani ya saladi, na baadaye kiini cha ngano, walizaa. Mwaka wa 1936 Evans na wenzake waliitenga vitamini yenyewe, wakaiita tokoferoli, jina la Kigiriki linalohusu kuzaa.

Basi ikapata sifa ya vitamini ya uzazi. Hata leo wako wanaoiuza kwa sifa hiyo, ingawa binadamu anapoikosa, kinachoumia hasa ni neva.

Tulijuaje? Vitamini E ni ya mafuta, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Mimina mafuta ya kupikia katika sufuria ya maji uone: yataelea. Lazima yabebwe. Mwaka wa 1950, huko New York, madaktari Bassen na Kornzweig walieleza habari za msichana wa miaka 18 aliyeyumba akitembea, macho yake yameharibika, na chembe nyekundu za damu yake zina miiba. Kufikia 1960 ilibainika kwamba wagonjwa wa aina hiyo hukosa protini inayobeba mafuta damuni.

Sikiliza njia yenyewe. Nyongo huyavunja mafuta utumboni. Ukuta wa utumbo huyafunga, pamoja na vitamini E, katika vitone vilivyovikwa protini. Vitone hupita katika mishipa ya limfu, huingia damuni karibu na shingo, na mabaki yake hufika kwenye ini. Asiye na protini hiyo, hata ale karanga gunia zima, vitamini haivuki utumbo ipasavyo. Katika miaka ya 1970, David Muller na wenzake jijini London waliwapa watoto wenye ugonjwa huo vitamini E kwa wingi sana, kiasi kidogo kikapenya, na neva zikanusurika.

Lakini kulikuwa na familia nchini Tunisia ambazo watoto wao waliyumba vivyo hivyo, ilhali utumbo ulifanya kazi vizuri. Mwaka wa 1995 chanzo kilijulikana: kasoro katika protini ya ini ambayo huchagua alfa-tokoferoli na kuirudisha damuni. Kwao vitamini iliingia, kisha ikapotea. Wagonjwa hao hupewa vitamini E nyingi maisha yao yote, na anayeanza mapema, kabla ya kuyumba, huweza kuepuka ulemavu huo.