Vichwa vikubwa na mgongo wazi: historia iliyosukumwa na wazazi

Mwaka 1938 kijana mmoja mzaliwa wa Wales, mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, alifika Dar es Salaam kufanya kazi. Aliishi hapo mpaka Vita Kuu ya Pili ilipozuka, akajifunza Kiswahili, kisha akaenda Nairobi kujifunza urubani wa kivita. Jina lake Roald Dahl, na baadaye akawa mwandishi wa vitabu vya watoto anayejulikana dunia nzima. Visa vya nyoka na simba alivyotoka navyo Tanganyika amevisimulia mwenyewe, na watu wamevisoma. Kisichosimuliwa sana kwetu ni kisa cha mwanawe, Theo.

Desemba 1960, jijini New York, teksi iligonga kigari alimolazwa Theo akiwa na umri wa miezi minne. Kichwa kiliumia vibaya na maji yakaanza kujaa ndani. Madaktari wakamwekea mpira wa kuyatoa, wenye valvu, yaani kilango cha kupitisha maji upande mmoja. Mpira ukaziba. Mtoto akapoteza uwezo wa kuona, akarudishwa chumba cha upasuaji, mpira ukazibuliwa, akaona tena. Baada ya muda ukaziba upya. Hali ikawa hiyo kwa miezi. Mzazi yeyote wa hapa kwetu ambaye mwanawe amewekewa mpira anaijua hofu ile: mtoto anaanza kutapika, analala kupita kawaida, na hospitali iko mkoa mwingine.

Dahl, ambaye alirudi Uingereza na familia yake, hakukaa kusubiri. Alimwendea Stanley Wade, fundi aliyekuwa akitengeneza pampu ndogo mno za ndege za kuchezea, akamkutanisha na Kenneth Till, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Kufikia mwaka 1962 watatu hao walikuwa na valvu mpya isiyoziba kirahisi. Wakaipa majina yao matatu, wakakubaliana kwamba hakuna atakayechukua faida. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 3,000 waliwekewa valvu hiyo. Theo mwenyewe hakuihitaji, kwani ilipokamilika alikuwa ameshapata nafuu.

La kushangaza zaidi ni hili: ile valvu iliyokuwa ikiziba kichwani mwa Theo nayo ilikuwa kazi ya baba mwenye mtoto mgonjwa.

Kila siku mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji ya kuukinga ubongo, kisha huyanyonya yakarudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji hurundikana. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana, kwa hiyo kichwa hutanuka. Kuna wanaozaliwa hivyo. Kuna wanaozaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga vizuri katika wiki nne za mwanzo za mimba, na wengi wao hupata maji kichwani pia. Na kuna wanaozaliwa wazima kabisa, kisha maambukizi ya siku za mwanzo za uhai yakawaharibia njia hiyo.

Mwaka 1949, huko Philadelphia nchini Marekani, madaktari Frank Nulsen na Eugene Spitz walijaribu kuweka mpira wenye valvu ya kuruhusu maji yaende upande mmoja tu, kutoka kichwani hadi kwenye mshipa wa damu. Wazo lilikuwa sahihi, ila vifaa havikudumu. Mwishoni mwa 1955 akaletwa kwa Spitz mtoto mchanga aitwaye Casey, mwenye mgongo wazi na maji kichwani. Baba yake, John Holter, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kufuli cha Yale & Towne. Udaktari hakuusomea hata siku moja. Alichokuwa nacho ni ile tabia ya fundi ya kutaka kujua kitu kinakwama wapi. Spitz akamweleza shida ilipo, Holter akaenda kujifungia na vifaa vyake, na baada ya muda mfupi akarudi na valvu. Alihangaika na aina mbalimbali za mipira mpaka akafika kwenye silikoni, ambayo wakati ule ilikuwa bado ngeni hospitalini. Mwaka 1956 valvu ya kwanza ikawekwa kwa mtoto mwingine kabla ya Casey. Holter aliacha kufuli akawa mtengenezaji wa valvu. Casey aliishi miaka michache tu.

Nawataja mababa hawa wawili kwa makusudi. Ukiingia leo katika wodi ya watoto wenye vichwa vikubwa, popote Afrika Mashariki, utawakuta akina mama, na ukiuliza baba yuko wapi jibu huwa fupi. Wapo wanaobaki, tena wanaobaki kwa moyo. Lakini wengi huondoka mapema, mara nyingi baada ya ndugu kuamua kwamba mke ndiye aliyeleta mkosi nyumbani.

Valvu ziliokoa maisha, na kuokoa maisha kukazaa maswali ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Watoto wa mgongo wazi ambao zamani wangekufa wakawa wanakua, wengi miguu haina nguvu, mkojo na choo vinatoka vyenyewe. Nani awapokee shuleni? Nani amfundishe mama? Nchini Uingereza wazazi walianza kukutana mtaa kwa mtaa, mji kwa mji, na mwaka 1966 vikundi vyao vikaungana kuwa chama cha kitaifa.

Miaka mitano baadaye daktari wa watoto wa Sheffield, John Lorber, alichapisha uchambuzi wa watoto 524 waliozaliwa na mgongo wazi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba wale wenye hali mbaya zaidi siku ya kuzaliwa wasifanyiwe upasuaji. Hospitali nyingi zilimfuata. Katika mji huohuo wa Sheffield daktari wa upasuaji Robert Zachary alimpinga waziwazi, na mjadala wao uliendelea kwa miaka. Kwa maoni yangu Lorber hakuwa katili, alikuwa ameyaona mateso mengi kwa macho yake. Kosa lake ni kupima maisha ya mtoto kwa hali ya saa za kwanza, wakati mambo mengi yanayoamua maisha hayo huja baadaye: kama yupo anayejua kumtoa mkojo, kama darasa liko chini au ghorofani, kama mama ana mtu wa kumwambia kwamba hata wake alikuwa hivyohivyo.

Suala la mkojo ndilo lililobadilisha mambo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kibofu kisichopokea taarifa kutoka kwenye mishipa ya fahamu hubaki na mkojo, mkojo hurudi nyuma, figo zikafa polepole. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mpira wa kutolea mkojo (katheta) lazima uwe umeuliwa vijidudu vyote, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya nesi, na ya hospitali. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan aliandika kwamba usafi wa kawaida unatosha: maji, sabuni na mpira uliooshwa. Wenzake wengi walimwona kama mtu anayecheza na maisha ya watu. Muda ukaonyesha kwamba alikuwa sahihi.

Ugunduzi huo ulikuwa kama umeandikwa kwa ajili ya kijiji kisicho na zahanati. Ukitaka kuona maana yake, mtazame mama mzoefu anavyomfundisha mgeni. Kwanza mikono, sabuni, maji ya kumiminiwa. Kisha mtoto analazwa juu ya khanga, anasafishwa. Mpira mwembamba unapakwa kilainishi, unaingizwa taratibu bila kulazimisha, mpaka mkojo unaanza kudondoka kwenye kopo. Mama mgeni huwa amefumba macho mara ya kwanza. Anaambiwa ayafumbue. Kopo likijaa mpaka pale, ubonyeze tumbo kidogo, halafu utoe, uoshe, uanike, utunze kwenye kikasha chenye mfuniko. Na kesho, na keshokutwa, kila baada ya saa chache, mpaka mtoto mwenyewe akue ajifunze kujitoa. Daktari anaweza kueleza hayo yote kwa dakika kumi. Ila ujasiri wa kuyafanya, nyumbani, usiku, peke yake, mama huupata kwa mama mwenzake aliyewahi kuogopa vilevile.

Vyama vya wazazi vya nchi mbalimbali viliunda shirikisho la kimataifa mwaka 1979. Mmoja wa walioliongoza kwa muda mrefu ni Pierre Mertens, msanii wa Ubelgiji ambaye binti yake alizaliwa na mgongo wazi akafariki akiwa bado mtoto. Shirikisho hilo, na baadaye shirika la Child-Help aliloanzisha Mertens, yalielekeza macho Afrika, ambako mahitaji yalikuwa makubwa na mipira ilikuwa ghali.

Ughali huo ulivunjwa Mbale, mashariki mwa Uganda. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa huko mwaka 2001, na daktari wa upasuaji Benjamin Warf kutoka Marekani akaanza kupokea watoto kutoka Uganda na nchi za jirani. Aliona mambo mawili upesi. Kwanza, wagonjwa wengi, takriban 6 kati ya 10, hawakuzaliwa na tatizo. Walilipata baada ya maambukizi ya utotoni. Pili, mpira wa bei nafuu kutoka India, uliokuwa ukigharimu dola 35, haukuzidiwa na ule wa dola 650 alipoulinganisha. Kisha akaenda mbali zaidi. Alitumia kamera nyembamba kupenya ndani ya ubongo, akatoboa njia mpya ya maji na kupunguza kwa kuchoma tishu zinazoyatengeneza, ili mtoto arudi kwao bila mpira wowote kichwani. Mwaka 2017 matokeo ya utafiti uliofanywa Mbale kwa watoto 100 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja njia hiyo haikutofautiana na ya mpira. Mtu wa mjini anaweza asione uzito wa matokeo hayo. Kwa mama anayeishi umbali wa siku nzima ya basi, kutokuwa na kitu cha kuziba ni tofauti ya kulala na kutolala. Na kuhusu yale maambukizi ya utotoni, mwaka 2020 watafiti waliochunguza maji ya ubongo ya watoto wa Uganda walimpata bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ndiyo imebeba sehemu kubwa ya upasuaji huu, na hospitali za Bugando na KCMC nazo zikawapunguzia safari watu wa kanda zao. Nje ya chumba cha upasuaji kazi imebebwa na wazazi wenyewe kupitia ASBAHT, chama cha wazazi wenye watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Kenya nako wazazi wana chama chao. Shughuli zao hazina makeke: kumtembelea mama aliyejifungua juzi kabla ndugu hawajamkatisha tamaa, kuchangishana nauli, kucheza vikoba, kumbembeleza mwalimu mkuu ampokee mtoto anayevaa nepi. Katika baadhi ya maeneo zipo Nyumba za Matumaini, ambako mama na mtoto hupata mahali pa kufikia wakisubiri upasuaji au kliniki, badala ya kulala kwenye veranda ya hospitali. Kila tarehe 25 Oktoba, siku ya kimataifa ya watoto hawa, wazazi hujitokeza hadharani na wana wao, na kwa mzazi ambaye kwa miaka amemficha mtoto chumba cha ndani, hiyo si sherehe ndogo.

Niseme wazi: mengi kati ya hayo si kazi ya wazazi. Nauli ya mgonjwa wa rufaa, mipira ya mkojo, nesi anayejua kufundisha, hivi vilipaswa kuwa kwenye bajeti ya halmashauri. Tumezoea kuwasifu akina mama hawa kwa ujasiri, na sifa hazinunui katheta.

Kuna sehemu ya tatizo ambayo inazuilika kabisa. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika nchi 7 ulithibitisha kwamba asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, hupunguza kwa 72% hatari ya mama aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi kumpata mwingine. Marekani ilianza kuilazimisha kwenye unga mwaka 1998. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, Kenya ikafuata mwaka 2012. Viwanda vikubwa vinaweka. Lakini sembe na dona za Watanzania wengi husagwa kwenye mashine za mtaani, na huko virutubisho havijafika ipasavyo. Vidonge vya kliniki navyo humkuta mama ana mimba ya miezi mitatu au minne, wakati uti wa mgongo wa mtoto ulishafunga, au ulishashindwa kufunga, kabla hajajua kama ana mimba.

Kwa hiyo, msomaji, kama unapanga kupata mtoto, anza foliki sasa; ni vidonge vya bei ndogo na duka la dawa linavyo. Kama kichwa cha mtoto wako mchanga kinakua haraka kuliko mwili, au utosi umevimba, dai apimwe kichwa kwa utepe na upewe rufaa wiki hiyohiyo, usingoje tatizo liishe kwa maombi wala kwa mganga. Na kama wewe ni baba wa mtoto huyo, rudi nyumbani.