Udongo ndio breki: Ugumu wa kutengeneza na kutunza njia ya mbio za pikipiki pwani

MBIO moja ya speedway humalizika kwa takriban dakika moja. Waendeshaji wanne hujipanga, kamba za kuanzia hufyatuka kwenda juu, na pikipiki huzunguka uwanja mara nne kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Pikipiki hizo zina silinda moja yenye ujazo wa sentimita 500 za ujazo, huendeshwa kwa methanoli, zina gia moja na hazina breki hata moja. Afikapo kwenye kona, mwendeshaji huilaza pikipiki yake upande, gurudumu la nyuma likichimba ardhi na la mbele likielekezwa upande mwingine, naye hupunguza mwendo kwa mtelezo huo. Udongo ndio breki yake. Ukiwa umeharibika, hana kingine cha kumzuia asiukumbe uzio.

Mchezo huu huhusishwa na mji wa West Maitland nchini Australia, ambako ulifanyika mwaka 1923, na ukapata umaarufu Uingereza baada ya mashindano ya High Beech, karibu na London, mwezi Februari 1928. Leo ligi zake kubwa ziko Poland, Sweden, Denmark na Uingereza. Barani Afrika, watu wa Johannesburg waliwahi kuushuhudia katika uwanja wao wa Wembley. Mombasa haina uwanja wa kudumu wa aina hii. Hata hivyo, mji huu una pikipiki nyingi, kama aonavyo kila anayeshuka Feri upande wa kisiwani na kupokewa na waendeshaji wa bodaboda. Atakayefikiria kuwapatia vijana hao mahali pa kushindania palipo mbali na barabara za umma, bila shaka ataulizia kwanza ardhi, kisha fedha. Lakini shida iliyo kubwa zaidi imo katika udongo wenyewe, na hasa katika maji yake.

Kinachowekwa chini

Kanuni za kimataifa huitaka njia ya speedway iwe na urefu wa kati ya mita 260 na 425. Umbo lake ni kama la yai, na kona zake hufanywa pana kuliko sehemu zilizonyooka, kwa kuwa ndiko pikipiki hupanuka. Chini kabisa huwekwa mawe na kokoto zilizoshindiliwa, pamoja na mitaro ya kuondoa maji. Juu yake hutandazwa tabaka la mawe yaliyosagwa yakawa chembe ndogo, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

Kazi yote imo katika mchanganyiko huo. Mfinyanzi ukizidi, njia huwa sabuni inyeshapo mvua na huwa sakafu jua liwakapo. Ukipungua, chembe hazishikamani, gurudumu huzitupa zote nje, na baada ya mbio chache kokoto za chini hujitokeza. Uingereza kwa miaka mingi ilitumia mwamba mwekundu uliotoka kwenye marundo ya taka za migodi ya makaa ya mawe. Mwamba huo ulikuwa umeungua humo ndani ya marundo hadi ukawa mgumu, na ulikuwa rahisi kupatikana. Kila nchi imetumia kilichopo karibu nayo.

Kilichopo karibu na Mombasa ni jiwe la matumbawe. Sehemu kubwa ya kisiwa imeketi juu yake, na ndilo lililojenga kuta za Mji wa Kale. Likisagwa, likaloweshwa na kushindiliwa, hushikana kwa ugumu, jambo linalopendwa na mjenzi wa barabara. Mbio za speedway hazitaki ugumu huo. Zinataka ardhi ambayo tairi inaweza kuikwaruza na kuisukuma. Zaidi ya hayo, vumbi la matumbawe ni jeupe na humulika jua machoni, na maji hupita katika jiwe hilo upesi. Upande wa bara, maeneo ya Changamwe, kuna mwamba laini wa matabaka uliotokana na tope la kale la bahari, lakini huo ukikaa juani na mvuani hurudi kuwa mfinyanzi. Peke yake haufai, ingawa kama kiungo cha kushikanisha mawe magumu yaliyosagwa ungeweza kusaidia. Udongo mwekundu wa Kwale na Kilifi nao una mchanga mwingi.

Ikichukuliwa njia ya mita 300 yenye upana wa wastani wa mita 12, eneo lake ni mita za mraba 3,600. Tabaka la juu la sentimita 10 tu litahitaji mita za ujazo 360, yaani uzito wa karibu tani 650. Hizo ni zaidi ya safari 30 za lori linalobeba tani 20, na kama shehena inatoka kusini, kila safari itavuka Likoni kwa feri au itazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Gharama hiyo, kwa bahati nzuri, hulipwa mara moja, kisha huwa ni ya kuongezea. Gharama ya maji haina mwisho.

Mitungi 1,800

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kuilowesha njia iliyotajwa kwa milimita 10, kiasi cha mvua ya wastani ya siku moja, kunahitaji lita 36,000. Kwa kipimo kinachoeleweka na kila nyumba ya Mombasa, hiyo ni mitungi 1,800 ya lita 20. Na huo ni unyweshaji mmoja, kabla ya nyongeza za mchana wa mashindano.

Mji wenyewe hauna chanzo kikubwa cha maji. Yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi katika kaunti ya Kwale. Visima vya kisiwani vingi vina chumvi. Mifereji inapokauka, wakazi hununua maji kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi wenye mikokoteni. Uwanja unaomwaga mitungi 1,800 ardhini ili pikipiki zisitimue vumbi utapata taabu kujieleza mbele ya jirani zake, na ni haki yao kuuliza.

Bahari i hapo hapo, na wazo la kuitumia si la kipuuzi. Chumvi za magnesiamu na kalisi huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana hunyunyizwa katika barabara za vumbi na katika baadhi ya viwanja vya farasi ili ardhi isikauke. Maji ya bahari yana chumvi hizo, ingawa kilichozidi humo ni chumvi ya kawaida. Lakini maji yayo hayo hula chuma. Pampu, greda, fremu za pikipiki na minyororo yake vingepata kutu mapema, na nyasi za katikati ya uwanja zingekufa. Lililo la busara zaidi ni kuyavuna maji ya mvua yenyewe. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 au zaidi kidogo kwa mwaka, na paa la jukwaa la watazamaji lenye mita za mraba 1,000 linaweza, kwa hesabu ya karatasini, kukusanya hadi lita milioni moja. Tangi la kuyahifadhi si rahisi, ila hujengwa mara moja.

Wakati wa kunywesha una uzito sawa na kiasi chenyewe. Njia hunyweshwa sana usiku wa kuamkia mashindano, maji yakapata muda wa kuzama, kisha asubuhi huongezwa kidogo kidogo. Anayemwaga maji mengi saa moja kabla ya mbio hupata kitu kama ugali uliosongwa kwa haraka: nje umelowa, ndani una madonge makavu ya unga. Mwendeshaji huteleza mahali alipotarajia kushikwa, na hatua tatu mbele hushikwa ghafla mahali alipotarajia kuteleza. Hali hiyo ya pili ndiyo huwaangusha wengi, kwa sababu gurudumu la nyuma likishika ghafla pikipiki hunyooka na kukimbilia uzio. Viwanja vikubwa siku hizi huweka mito ya hewa kwenye kona kupunguza madhara. Mito hiyo huokoa maisha, ila hairekebishi njia.

Kati ya mbio na mbio

Gurudumu la nyuma hutupa udongo nyuma na nje. Baada ya mbio tatu au nne, upande wa ndani huanza kuwa mtupu na mgumu, huku upande wa uzio ukiwa na rundo laini. Ndiyo sababu mashindano husimamishwa kila baada ya mbio chache ili trekta lizunguke na kuuvuta udongo kurudi ndani, likifuatwa na lori la maji. Mahali pa kuanzia nako magurudumu huchimba mashimo, na vijana wenye reki huyafukia na kuyakanyaga kwa miguu kabla ya kundi lijalo kuitwa. Kazi hiyo haina sifa. Ikifanywa vibaya, hata hivyo, aliyepewa mstari wenye shimo ameshindwa kabla hajaanza.

Hata wenye fedha na uzoefu hushindwa. Tarehe 18 Aprili 2015 mashindano ya Grand Prix yalifanyika katika uwanja wa taifa wa Warsaw, Poland, ambako njia ya muda ilikuwa imetandazwa ndani ya uwanja wa soka. Mitambo ya kuanzishia mbio ilisumbua, njia ikazidi kubomoka, na baada ya mbio 12 shughuli ikasitishwa mbele ya maelfu ya watazamaji waliojaa uwanjani. Njia ya muda haina miaka ya kushindiliwa na kutulia, na udongo hauharakishwi kwa kuwa tiketi zimeuzwa.

Jua la pwani

Karibu kabisa na Feri, mbio kubwa zilikwisha kufanyika, ingawa za miguu. Mashindano ya 35 ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika tarehe 24 Machi 2007 katika uwanja wa gofu wa Mombasa, juu ya miamba inayotazama bahari. Zersenay Tadese wa Eritrea alishinda kilomita 12 za wanaume, Moses Mosop wa Kenya akawa wa pili. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa amelitwaa taji la mbio hiyo ndefu mara tano mfululizo, aliacha katika mzunguko wa mwisho. Katika kilomita 8 za wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Uholanzi. Joto na unyevu wa mwisho wa kaskazi viliwaelemea wengi.

Njia ya siku ile ilikuwa ya nyasi, na nyasi hujishikilia zenyewe kwa mizizi. Ilihitaji kusimama kwa siku moja tu, kisha wacheza gofu wakarudi. Njia ya udongo mtupu mahali hapo hapo ingepokea jua lile lile bila mizizi, pamoja na upepo wa baharini ambao hukausha uso wa ardhi hata siku ya mawingu. Kati ya Desemba na Machi, tabaka lililonyweshwa alfajiri linaweza kuwa vumbi kufikia adhuhuri. Kwa hiyo mashindano ya usiku, chini ya taa, yangefaa pwani kuliko ya mchana.

Waandalizi wa Safari Rally wanaijua shida hiyo kwa sura nyingine. Mbio hizo, zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zilirudi katika ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Huko Kedong, karibu na Naivasha, madereva walikuta vumbi laini kama unga lililozama magurudumu. Mwaka 2024 zilisogezwa hadi mwisho wa Machi, wakati wa Pasaka, ambapo mvua ndiyo huhofiwa. Lakini njia ya magari huenea kwa makumi ya kilomita, na hakuna anayethubutu kuinywesha yote. Gari nalo lina breki. Ugumu wa njia umekuwa sehemu ya sifa ya Safari, na dereva husifiwa kwa kuuvumilia. Katika speedway njia mbovu haimpi yeyote sifa.

Masika ingekuwa na taabu yake. Kuanzia Aprili hadi Juni, huku Mei ikiwa na mvua nyingi zaidi, mvua moja kubwa inaweza kuosha chembe laini zote hadi mtaroni na kuacha kokoto. Viwanja vya Ulaya hufunikwa kwa maturubai mapana mvua inapotabiriwa kabla ya mashindano, lakini kufunika mita za mraba 3,600 kwa miezi mitatu, katika joto na unyevu, ni kuuozesha udongo. Uwanja wa pwani ungelazimika kufungwa msimu huo, mitaro yake ikizibuliwa kila wiki, na kilichooshwa kikichotwa kutoka mtaroni, kikakaushwa na kuchekechwa. Mwezi Julai greda lingeingia tena, upungufu ungepimwa kwa rula katika kila kona, na malori ya kujazia yangeagizwa.