Dola 250 za Mwalimu

Kuanzia mapato ya mwaka 2026, mwalimu wa Marekani anaruhusiwa kukata hadi dola 350 alizonunulia vifaa vya darasa lake kabla hajapigiwa hesabu ya kodi. Unafuu huo ulipoanza, kiwango kilikuwa dola 250. Imechukua miaka 24 kuongeza 100.

Ulizaliwa Machi 2002, Rais George W. Bush alipotia saini sheria ya kuchangamsha uchumi. Susan Collins wa Maine na John Warner wa Virginia ndio maseneta walioupigania. Zamani mwalimu alidai gharama hizo pale tu gharama zake za kazi zilipozidi asilimia 2 ya mapato, na wengi hawakufika. Sasa alitakiwa awe amefanya kazi saa 900 katika mwaka wa masomo, kuanzia chekechea hadi darasa la 12.

Ulipewa uhai wa miaka miwili. Ukawa unakufa na kufufuliwa hadi Desemba 2015 ulipofanywa wa kudumu.

Mvutano mkubwa ulikuja 2017. Wabunge wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, wakiandika upya sheria za kodi, walitaka unafuu huu ufutwe. Seneti, iliyoshikwa na chama hichohicho, ikataka uongezwe maradufu, ufike 500. Muswada huohuo ulikuwa unayashushia makampuni kodi kutoka asilimia 35, na vyama vya walimu vikaupinga waziwazi. Muafaka ulipopatikana Desemba, makampuni yalipata asilimia 21. Mwalimu akabaki na 250 zake, na ile njia ya zamani ya asilimia 2 ikafungwa.

Hapo hapakuwa na haki. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kuwa mwaka wa masomo 2014–15, asilimia 94 ya walimu wa shule za umma walinunua vifaa kwa fedha zao bila kurudishiwa, wastani wa dola 479. Tena hizo 250 hazirudi mkononi. Huondolewa tu kwenye mapato yanayotozwa kodi, hivyo mwalimu anayetozwa asilimia 22 huokoa dola 55.

Wakati wa Uviko barakoa ziliongezwa kwenye orodha. 2022 kiwango kikawa 300.

Sheria ya 2025 imefungua mlango mwingine: kuanzia 2026, mwalimu anayeorodhesha makato yake anaweza kudai kinachozidi kiwango. Lakini karibu walipakodi tisa kati ya kumi hawaorodheshi, huchukua punguzo la jumla, na mwalimu wa mshahara wa kawaida anayeishi nyumba ya kupanga kwa kawaida yumo miongoni mwao.